Oveni mpya, keki ya nne inaungua juu na katikati ni uji. Wajuzi njooni, Jumamosi nina oda

Kipepeo wa Tabata

Wakuu habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira na njaa kwa pamoja. Naoka keki mwaka wa saba huu, zote kwa mkaa: sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko, na wateja ninao. Mwezi uliopita nikajipongeza, nikashuka Kariakoo nikanunua oveni ya umeme ya mezani, lita 45, ina feni, ina taima, ina taa ndani. Nikaona nimeukata. Leo nimetoa keki ya nne, na ndiyo mbaya kuliko zote.

Kinachotokea ni hiki. Dakika ya 20 juu kumeshakuwa kahawia. Dakika ya 30 kumepasuka katikati na uji unachungulia kwenye ufa. Nachoma njiti, inatoka imelowa. Nikisubiri mpaka itoke kavu, juu kumekuwa mkaa ule ule niliokuwa naukimbia. Moto naweka 180 kama mapishi yote yanavyosema. Vipimo ni vya siku zote: unga robo kilo, majarini robo, sukari gramu 200, mayai 5, beking pauda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, arki. Kwa mkaa keki hii haijawahi kuniangusha.

Jumamosi nina oda ya kipaimara, keki mbili za inchi 10. Leo Jumatano. Mume wangu kashaanza kuniuliza kwa upole kwamba hivi gunia la mkaa siku hizi ni shilingi ngapi. Nisaidieni kabla sijaigeuza kabati la vikombe.

Natanguliza shukrani.

Chumvi Kidogo

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kambi hapa, wife ana tatizo hilo hilo.

Mla Ukoko

Hiyo inayoungua juu usitupe, mimi nakula sehemu ya uji kwa kijiko.

Bi Chumbageni

Dada Kipepeo, kabla ya kukujibu nijibu wewe kwanza. Ile swichi yenye alama umeielekeza kwenye alama gani? Unaipasha oveni dakika ngapi kabla ya kuingiza keki? Wavu umeuweka ngazi ya ngapi? Na chombo chenyewe ni rangi gani, cheupe cha bati au cheusi?

Unga na mayai viache kwanza. Mapishi ya miaka saba hayaharibiki siku moja.

Kipepeo wa Tabata

Asante kwa kuja. Alama ziko nne: mstari chini, mstari juu, mistari yote miwili, na mistari miwili yenye feni katikati. Naweka hiyo ya mwisho, feni nimeilipia lazima nizungushe. Napasha dakika tano sita hivi, kile kitaa chekundu kikizima tu naingiza. Wavu uko kati. Chombo ni cheusi kipya kisichoganda, nilinunua siku moja na oveni. Keki ikiumuka inabaki kama vidole vitatu kuzifikia waya za juu.

Bi Chumbageni

Hapo hapo mwanangu. Umenitajia mambo manne na yote manne yanaongeza moto, halafu unashangaa juu kunaungua.

Anza na feni. Feni inaipuliza hewa ya moto kwenye keki, kwa hiyo joto linaingia haraka kuliko hewa ikiwa imetulia. Ndiyo maana ukitumia feni unatakiwa upunguze nyuzi 20. Mapishi yaliyosema 180 bila kutaja feni, kwako yanakuwa 160. Wewe umeweka 180 na feni, ni kama umeweka 200. Na kwa keki nzito ya majarini, nene, ya saa nzima, mimi feni siitaki kabisa. Naitumia kwenye biskuti na nikioka trei mbili kwa pamoja.

Pili, chombo cheusi. Cheusi kinanyonya moto kuliko bati jeupe, kwa hiyo pembeni na chini kunaiva upesi, kunakamatana, na uji uliobaki katikati hauna pa kwenda ila kupanda juu na kupasua. Ule mpasuko wako ni dalili ya moto mkali, si ya beking pauda. Chukua bati la zamani la aluminiamu, lile lile ulilokuwa unatumia kwenye mkaa. Kama huna, punguza nyuzi 10 au 15 tena.

Tatu, na hili ndilo wengi hatuambiwi dukani: kitaa kikizima haimaanishi oveni imeiva. Kinasoma hewa tu, tena pale kipimo chenyewe kilipo. Kuta bado baridi, wavu baridi, kioo cha mlango baridi. Ukifungua kuingiza keki, ile hewa ya moto yote inakimbia jikoni, na kuta hazina akiba ya kurudisha. Waya zinawaka nyekundu mfululizo kufidia. Sasa keki yako iko vidole vitatu chini ya waya nyekundu. Hapo huoki, unachoma mshikaki. Pasha dakika 20 mpaka 25. Kitaa kizime, kiwake, kizime tena mara mbili tatu, ndipo uingize.

Nne, wavu. Oveni kubwa za kusimama katikati ni katikati kweli. Hizi za mezani ni fupi, keki ikipanda katikati inakuwa juu. Shusha ngazi moja. Pima hivi: keki ikiwa imeshaumuka ndiyo iwe katikati ya waya za juu na za chini, si chombo kikiwa kitupu.

Kwenye mkaa uliujua moto uko wapi kwa sababu uliupalia mwenyewe. Ukiona juu kumezidi unaondoa kaa mbili. Hapa moto umefichwa ndani ya bati na wewe umeachiwa namba. Namba ile usiiamini mpaka uijaribu. Oveni nyingi za nyumbani, hata za bei, zinapishana na swichi yake kwa nyuzi 10 mpaka 25, wengine wamekuta zaidi.

Kesho usioke keki. Fanya haya mawili:

Nunua mkate wa slesi, wa bei yoyote. Washa 180, mistari miwili bila feni, pasha dakika 25. Panga slesi zijae wavu mzima, acha dakika 10, toa, zigeuze pia uangalie chini. Zitakuchorea ramani ya moto wako.

La pili, kama huna kipimajoto cha oveni, tumia sukari. Nyeupe kabisa, hii yetu ya kahawia haifai sana kwa kazi hii. Sukari nyeupe inayeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kwenye foili, oveni ikiwa imeiva vizuri kwenye 175, acha robo saa. Isipoyeyuka, sawa. Ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Halafu weka 190: isipoyeyuka hapo, ina moto mdogo kuliko inavyosema.

Kipepeo wa Tabata

Shikamoo mama. Nilikuita kimoyomoyo shoga kumbe ni mama mtu mzima.

Kesho asubuhi nanunua mkate.

Bi Chumbageni

Marahaba mwanangu. Shoga pia sawa tu.

Fundi Waya

Naongezea upande wangu maana hapa mtalaumu oveni bure.

Oveni ya wati 2000 inakula ampea karibu 9. Msiiweke kwenye zile ekstensheni nyembamba zenye matundu sita na taa ya bluu. Nimeshakuta plagi imeyeyuka imegandana na soketi na mwenye nyumba anasema "ilikuwa inanukia kidogo tu". Soketi ya ukutani moja kwa moja, na friji ikae kwingine. Yale majiko makubwa yenye oveni ya umeme na plate juu yake yanataka waya wake kutoka kwenye breka yake, siyo kuchomeka tu.

Jambo la pili ni volti. Watu hawajui kwamba moto wa koili haushuki sawa na volti, unashuka kwa mraba wake. Mtaani kwenu jioni kila mtu ana feni na pasi na friji, volti ikishuka kutoka 230 mpaka 190, oveni yako ya wati 2000 inabaki kama 1,360. Theluthi nzima ya nguvu imepotea na namba kwenye swichi ni ile ile. Ndiyo maana mtu anakwambia keki ya asubuhi dakika 50, ya usiku saa moja na nusu, anadhani ni mayai.

Na stabilaiza ya tivii haiibebi oveni. Msijaribu.

Chumvi Kidogo

Mkuu Fundi hiyo ya mraba umenimaliza. Kwetu Mbagala saa moja jioni taa zenyewe zinakuwa za njano.

Na LUKU inakula kiasi gani? Hapo ndipo penye ugomvi nyumbani.

Fundi Waya

Wati 2000 kwa saa moja ni uniti 2 kama ingewaka mfululizo. Lakini ikishaiva inawaka na kuzima, kwa hiyo haifiki. Soma mita kabla na baada, mwonyeshe mama watoto. Yangu kwa keki moja pamoja na kupasha ilikula 1.3.

Mama Pacha Moro

Mimi langu ni la gesi, lile la kusimama plate nne na oveni chini. Tatizo ni kinyume cha mleta mada: chini kunaungua, juu keki nyeupe kama haijaiva. Nimeshaambiwa nitandaze foili kwenye sakafu ya oveni. Kweli?

Bi Chumbageni

La, mama pacha, usifanye hivyo! Oveni ya gesi moto uko chini na yale matundu ya sakafuni ndiyo njia ya hewa. Ukiyaziba gesi haiungui vizuri, inatoa hewa ya sumu, na jikoni kwetu madirisha tunafunga kwa ajili ya mbu. Matundu yaache wazi na dirisha liache wazi.

Pandisha wavu ngazi moja juu ya katikati. Kwenye ngazi ya chini yake weka trei tupu nzito ya kukinga ule moto wa moja kwa moja, iwe ndogo kuliko oveni, iache nafasi pembeni zote hewa ipande. Au weka chombo cha keki ndani ya trei nyingine. Rangi ya juu utaipata mwishoni: keki ikishaiva kabisa, washa grili dakika mbili tatu na usibanduke hapo mlangoni. Nimeunguza mkate wa mayai wa Idi kwa kwenda kufungua geti tu.

Ughaibuni Toronto

Hahaha mnanikumbusha. Nilimtumia mdogo wangu Mwanza mapishi ya keki ya karoti, nikaandika "350 kwa dakika 45". Oveni yake inaishia 250. Dogo akazungusha mpaka mwisho, halafu akanipigia: "Dada, zile 100 zilizobaki nazitoa wapi?"

Huku tunapima kwa Farenhaiti jamani. Mkiona mapishi ya Marekani au ya video za huku, toeni 32, zidisheni kwa 5, gawanyeni kwa 9. Hiyo 350 ni 177, yaani 180 yenu. 325 ni 163. 400 ni 204. Na ukikuta kitabu cha zamani cha Uingereza kinasema gesi namba 4, ni hiyo hiyo 180.

Keki ya dogo ilitoka kama tofali la kuchoma. Alipeleka kazini wakala.

Mwana wa Uyole

Mimi nina swali la tofauti. Nimehamia Mbeya kutoka Tanga, mapishi yale yale, oveni ile ile nimeibeba kwenye lori. Tanga keki ilikuwa inasimama. Huku inaumuka vizuri sana mpaka nafurahi, halafu katikati inazama kama kiti cha daladala. Nimeshapima sukari kama mama alivyosema, oveni iko sawa.

Bi Chumbageni

Oveni haina kosa, ni mlima. Mbeya mko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Beking pauda ikitoa mapovu yake hayana cha kuyazuia, yanatanuka mno kabla unga haujashika, ukuta wa povu unapasuka, keki inakaa chini.

Punguza beking pauda kwa robo. Sukari toa kijiko kikubwa kimoja. Ongeza maziwa vijiko viwili maana huko maji yanakauka upesi. Moto pandisha nyuzi 5 mpaka 10 ili keki ishike kabla haijazama. Dada yangu wa Nairobi, wao wako juu zaidi kidogo, anafanya hivyo hivyo. Usibadilishe yote siku moja, anza na beking pauda.

Mwana wa Uyole

Kumbe. Nilikuwa namlaumu muuza mayai.

Kipepeo wa Tabata

MREJESHO wa kwanza, Alhamisi.

Nimepanga slesi tisa, tatu kwa tatu. Dakika 10 nimetoa. Jamani. Ile ya kona ya nyuma kulia nyeusi kabisa, inatoa moshi. Mstari wote wa nyuma kahawia iliyokolea. Wa kati rangi nzuri ya chai ya maziwa. Wa mbele, pale mlangoni, kushoto kabisa, nyeupe kama ilivyotoka kwenye mfuko, nimeigusa ni laini. Ndani ya kisanduku kimoja! Nikazigeuza: chini ni sawa sawa zote, kahawia hafifu. Kwa hiyo mkorofi ni wa juu na wa nyuma.

Sukari sasa. Kwenye 175 iliyeyuka ikawa maji kabla hata robo saa haijafika. Nikashusha 160, ikayeyuka kingo, katikati chembe zimebaki. 150 haikuguswa. Maana yake nikiweka 160 humo ndani ni 185 na ushee. Zile keki nne nilikuwa nazioka kwenye 205 na feni juu yake. Mungu anisamehe niliwatukana kuku.

Watoto wamekula slesi zote na chai isipokuwa ile nyeusi.

Mla Ukoko

Ile nyeusi bado ipo?

Mpishi wa Zamu

Mimi napingana na mama kwenye kitu kimoja. Kufungua mlango si dhambi kama mnavyotisha watu. Nafungua kila mara nazungusha trei, keki zangu hazizami.

Bi Chumbageni

Sikusema kitu kuhusu mlango, kijana, umenisingizia. Ila kwa kuwa umeuleta: unaoka nini? Biskuti na keki ndogo za vikombe fungua utakavyo, zinashika upesi. Keki nene ukiifungulia nusu ya kwanza bado ni povu, joto likishuka inazama na hairudi. Subiri theluthi mbili za muda zipite, hapo imeshashika, zungusha chombo nyuma kije mbele, fanya haraka. Na kwa oveni ya Kipepeo lazima izungushwe, ile kona ya kulia haitamwacha salama.

Mpishi wa Zamu

Sawa mama, ni keki za vikombe. Nimekubali nusu.

Kipepeo wa Tabata

Mama, swali moja kabla ya kesho. Inchi 10 ni kubwa. Pembeni hakutakauka kabla katikati hakujaiva?

Bi Chumbageni

Kutakauka kidogo, ila kuna dawa. Chana kipande cha kanga kuukuu, upana wa kimo cha chombo, kiloweshe maji, kikamue kisichuruzike, kizungushe nje ya chombo ukibane kwa pini. Ile unyevu inapoza ukingo, pembeni kunaenda mwendo mmoja na katikati, juu kunatoka bapa, hata kukata hukati. Angalia tu ncha isining'inie ikagusa waya. Na uoke moja moja. Mbili hazienei humo, zitaziba hewa.

Iweke 140 ya kwako, ambayo kwa hesabu yako ni 165 ya kweli. Usianze kuichungulia kabla ya saa nzima.

Kipepeo wa Tabata

MREJESHO wa mwisho, Jumapili usiku. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kwenye sherehe yenyewe.

Ijumaa nilipata kipimajoto cha kuning'iniza kwenye wavu, bei yake kama trei moja ya mayai na chenji kidogo. Kilisema 160 ya swichi ni 185. Sukari haikunidanganya. Nimebandika plasta juu ya swichi nimeandika kwa kalamu: 140=165, 155=180.

Keki ya kwanza, Jumamosi alfajiri volti ikiwa nzuri. Dakika 25 za kupasha, mistari miwili bila feni, wavu ngazi ya chini, bati langu la zamani, kanga imelowa. Saa nzima sikugusa, nilikaa kwenye ndoo nikiangalia kioo kama tivii. Dakika ya 60 nikazungusha, ya 80 njiti kavu, keki imejitenga na ukingo kidogo, ukibonyeza inarudi. Juu bapa. Nilitaka kulia.

Ya pili, dakika ya 40, umeme ukakatika.

Mkono ulishafika mlangoni nikakumbuka povu. Nikauacha umefungwa. Kipimajoto nakiona kwa tochi ya simu: 165, 150, 140, kinashuka taratibu kuliko nilivyoogopa, maana kuta zilikuwa zimeshika moto. Mume wangu bila kuulizwa kashawasha jiko la mkaa uani, sufuria ya mchanga iko juu, anapepea, na uso wake una furaha ambayo sijaipenda. Dakika ya 12 umeme ukarudi. Nikaongeza muda, ikatoka dakika ya 105, imezama katikati kina cha kidole. Nikaigeuza chini juu, nikajaza krimu. Hakuna aliyejua.

Mkaa ule ulitumika kuchomea mahindi.

Chumvi Kidogo

Tupia picha basi tuone.

Kipepeo wa Tabata

Picha ya nini, nimekuja na sahani tupu. Ila wiki ijayo nataka kujaribu mkate wa kumimina humo humo. Mama Chumbageni, usiende mbali.

Bi Chumbageni

Niko. Loweka mchele usiku, tui liwe zito, na ile kona ya kulia iandalie slesi nyingine.